Kaske inabaki ku mulango ya mugodi

Ndugu wafanyakazi wa mugodi, na ninyi bamama wenye munachunga nyumba wakati baba iko ku posti, leo hatusemi juu ya makampuni. Juu ya makampuni tumeshasema, na tutasema tena, maana mambo ingali. Leo tunasema juu ya ile shantie yenye iko mu parsele yako.

Tuangalie siku moja ya mufanyakazi wa kwetu, awe wa Kolwezi, wa Likasi ao wa Lubumbashi. Asubuhi anafika ku mulango ya mugodi. Mulinzi anamuangalia kutoka kichwa mpaka miguu: kaske, lineti, gilé, bote. Kama kitu kimoja kinapunguka, haingie. Mbele ya kuanza kazi, kapita anakusanya ekipe na wanazungumza kidogo juu ya hatari ya siku ile. Saa ya kutoka ikifika, mutu anapanda basi, anarudia nyumbani. Mu parsele yake anakuta masoni amesimama juu ya ubao moja yenye imelazwa juu ya mapipa mawili, mita tatu toka chini, sandali ku miguu, kichwa wazi. Chini yake kijana anamurushia matofari. Na yule mutu wa mugodi, yule mwenye asubuhi asingeweza kuingia bila lineti, anasema nini? "Mufanye mbio, mvua iko karibu."

Mutu ni yule yule, siku ni ile ile, lakini sheria ni mbili.

Bazee wetu wa Union Minière, na kisha wale wa Gécamines, walikaa mu nyumba za kampuni. Kampuni ilijenga, kampuni ilipaka rangi, kampuni ilitengeneza paa ikitoboka. Siye wa leo, wengi wetu tunajijengea. Tunanunua parsele, tunafyatula matofari, tunaweka simenti mufuko kwa mufuko kila mwisho wa mwezi. Ni jambo la heshima. Lakini limetugeuza bila siye kujua: ku mugodi uko mufanyakazi, mu parsele yako uko mukubwa wa kazi. Masoni anakuangalia wewe sawa vile wewe unamuangalia diredekta wako.

Ukimuuliza mukubwa huyu wa kazi sababu gani masoni wake hana kaske, jibu liko tayari mu kinywa: "Bale bamasoni beko na kichwa nguvu. Hata ukibapa kaske, batavua." Mwingine ataongeza: "Ajali haina kinga. Kama siku yako imefika, imefika."

Tuanze na ile ya kichwa nguvu. Kuna masoni wengi wenye waliisha kutumika ndani ya uzio wa mugodi, ku kampuni ndogo yenye inajengea kampuni kubwa. Mule ndani masoni anavaa kaske, anafunga mukaba wa usalama, anapanda ngazi yenye imefungwa. Kontra yake ikiisha, anatoka, anapata kazi ku Katuba, ku Ruashi ao ku Manika, na pale anapanda juu ya mapipa mawili. Kichwa chake hakikubadilika njiani. Kama nguvu ilikuwa mu kichwa, ingeonekana pande zote mbili.

Kitu chenye kimebadilika ni namna ya kulipa. Ndani ya uzio, saa yenye masoni anatumia kwa kufunga eshafodaji, ile jukwaa ya kusimamia, inahesabiwa kuwa saa ya kazi. Inalipwa. Inje, mu parsele yetu, tunapatana naye forfe: ukuta huu mupaka ku lento, franga hizi, basi. Ukuta ukiisha siku nne, franga ni zile zile. Ukiisha siku saba, franga ni zile zile. Sasa mutu mwenye kuwa na watoto wa kulisha atafanya nini? Siku moja ya kukata miti, kufunga kamba na kupima kama jukwaa inasimama vizuri ni siku moja bila bukari. Wewe haukumukataza kujilinda. Bei yako ndiyo ilimukataza.

Hili ndilo neno letu la leo, na tunaomba mulibebe mupaka nyumbani: mutu anatii kile anacholipiwa. Affishi ya rangi nyekundu haina nguvu, na makelele ya kapita haina nguvu, kama saa ya kujilinda inatoka mu mufuko wa yule mwenye kuwa mu hatari.

Wachimbaji wa mukono wanalijua hili kuliko wote. Tarehe 15 Novemba 2025, mu karieri ya Kalando, upande wa Mulondo mu Lualaba, daraja ya kujitengenezea yenye watu walikuwa wanapitia juu ya mufereji wa maji ilivunjika. Watu wasiopunguka 32 walikufa. Wakubwa wa provense walisema kuingia mu karieri kulikuwa kumekatazwa juu ya mvua nyingi na hatari ya udongo kuporomoka. SAEMAPE, ile serivisi ya serikali yenye inasaidia wachimbaji wa mukono, ilitaja risasi za askari zenye zilitia watu woga wakakimbilia daraja. Mambo yote mawili yanaumiza. Lakini tuulize jambo moja la mbele: katazo lilikuwepo, na watu waliingia. Sababu gani? Kwa sababu katazo halikuleta chakula. Siku yenye karieri imefungwa, muchimbaji hapati hata franga moja, na watoto hawafungi tumbo juu ya mvua. Sheria yenye inamuambia masikini "ulale na njaa ili usife" itavunjwa kila wakati.

Sasa ile ya pili: ajali haina kinga. Ni methali ya zamani, na ku kilio inasaidia kufariji. Lakini ku shantie ni uongo. Wewe mutu wa mugodi unajua vizuri kama udongo unasema mbele ya kuanguka. Unaona mupasuko ku juu, unaona vijiwe vinatiririka, unaona maji yanatoka mahali yalikuwa hayatoki. Ku karieri ukiona vile unarudi nyuma na unaita kapita. Sababu gani mu parsele yako, wakati wa kuchimba fose ya choo ao kisima, unaona mupasuko ule ule na unanyamaza?

Tuhesabu pamoja. Mita kyubi moja ya udongo inapita tani moja na nusu. Ni sawa na mifuko 30 ya simenti ya kilo 50, yote kwa mara moja, juu ya kifua cha mutu. Hata kama kichwa kingali inje, kifua hakiwezi kupanuka, na pumzi inakatika. Hakuna haja ya shimo la mita ishirini. Ufaransa, sheria ya kazi inaomba kutegemeza kuta za mufereji mwembamba ukipita mita 1,30. Mita 1,30 ni ku kifua cha mutu mukubwa. Fose zetu zinaenda mita tatu, ine, tano, na kuta zake zinasimama kwa neema tu.

Kuanguka vile vile. Mutu mwenye anaanguka toka mita tatu anapiga chini na mwendo wa kilometa 28 kwa saa, na inachukua muda mudogo kuliko sekunde moja. Hana hata wakati wa kusema "mama". Tofari yenye inaponyoka toka mita sita inafika ku kichwa cha yule wa chini na mwendo wa kilometa 39 kwa saa. Kaske haitaokoa yule wa juu akianguka. Yule anaokolewa na jukwaa yenye upana wa kutosha na muti wa kuzuizia ku usawa wa kiuno. Kaske ni ya yule kijana wa chini mwenye kupitisha matofari. Yeye ndiye mara nyingi mudogo kuliko wote, na franga yake ni kidogo kuliko ya wote.

Na hewa. Wengi wanashusha pompi ya esansi ndani ya kisima ili kutosha maji. Moshi wa injini ile unajaza shimo na gazi yenye haina harufu, haina rangi, na inalaza mutu mara moja. Fose ya zamani nayo iko na gazi yake. Wa kwanza anashuka, anaanguka. Wa pili anashuka kumuokoa, anaanguka. Wa tatu ni ndugu yao. Ku mugodi wa chini ya udongo hakuna mutu anaingia mahali penye hewa haijapimwa. Mu parsele tunasema tu: "Shuka angalia."

Tusisahau waya za SNEL zenye zinapita juu ya nyumba zetu. Feri ya betoni ya mita kumi na mbili, mutu akiisimamisha bila kuangalia juu, inafika. Kaa mbali nazo mita tatu, hata kama mutaa mzima uko mu giza, maana umeme unarudi bila kupiga hodi.

Kuna watu watasema: sheria ni ya makampuni, mimi ni mutu binafsi najenga nyumba yangu. Tuangalie sheria basi. Code ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inaomba mwajiri alinde afya na usalama wa mufanyakazi, na inaomba mufanyakazi vile vile asifanye kitu chenye kinaweza kumutia hatarini yeye mwenyewe ao wenzake. Wale wa siku kwa siku, tunaowaita bajournalier, nao wamo mu Code ile: akishatumika siku 22 ndani ya miezi miwili, ukimuandika tena mbele ya ile miezi miwili kuisha, kontra yake inahesabiwa kuwa haina mwisho. Na tangu Juni 2022, Shirika la Kazi la Dunia limeweka usalama ku kazi kati ya haki za musingi za kila mufanyakazi, na Kongo ni memba wake.

Kama masoni wa forfe ni mufanyakazi wako ao ni fundi wa kujitegemea, ku tribunali baavoka watabishana siku nzima. Mbele ya kilio hakuna mubishano. Jamaa yake itakuya kukaa ku mulango yako, si ku mulango ya mwanasheria.

Tena angalia tofauti kati yako na yeye. Wewe ukiumia ku mugodi, kuko lopitali ya kampuni. Kuko CNSS na upande wake wa hatari za kazi, wenye mwajiri peke yake anaulipia. Kuko delege wa sendika wa kupiga kelele kama wanakuzungusha. Vyote havitembei vizuri kila mara, tunajua. Lakini viko. Masoni wako akivunjika mugongo mu parsele yako, hana lopitali, hana CNSS, hana delege. Iko na wewe tu. Na wewe uko na mushahara moja wenye ulishakula nusu ku simenti.

Hapo ndipo mwenzangu atasema: "Wewe unaandika mu gazeti, miye najenga na makuta ya mwisho wa mwezi. Nitatosha wapi ya eshafodaji?" Ni swali la haki, na hatutalijibu na maneno matamu. Ndiyo, kujenga bila kuua kunaomba franga na kunaomba muda. Nyumba yako inaweza kukawia mwezi moja ao miwili. Lakini bei ile haikuwa imepotea mbele: masoni ndiye alikuwa anaibeba, na mwili wake. Siye tulikuwa tunaita ile "bei muzuri".

Basi tufanye namna gani? Tunaleta mambo ine, yote ya mutu wa mushahara wa kawaida.

La kwanza, tenga bei mbili. Bei ya kazi ni forfe, sawa. Bei ya usalama ni yako: miti ya nguvu, mbao pana, kamba, ngazi, kaske tano, bote. Hivi si vya masoni, ni vya shantie. Akimaliza, vinabaki kwako. Na majirani watano wenye kujenga ku mutaa moja wanaweza kuvinunua kwa likelemba na kupokezana. Tunafanya likelemba juu ya vitenge na juu ya masomo ya watoto. Tuifanye na juu ya jukwaa.

La pili, kazi za hatari zitoke mu forfe. Kuchimba fose ao kisima, kumwanga dale, kupandisha shirpante: ulipe kwa siku. Mutu wa siku hana sababu ya kukimbia. Na kuchimba tufanye wakati wa jua, mbele ya mvua za Oktoba na Novemba. Udongo wenye umekunywa maji hauna rafiki.

La tatu, "hapana" ya fundi ilipwe. Akikuambia "kuta za shimo zimepasuka, leo sishuki", umupatie franga yake ya siku ile na umushukuru. Pale ndipo ugumu uko, tunajua. Mutu ataona kama analipa uvivu. Lakini fikiri vizuri: ile ndiyo siku moja tu mu shantie yote yenye umelipa mutu kwa macho yake, na macho ndiyo yanaokoa. Kama "hapana" yake inamukosesha chakula, hatakuambia kitu tena. Atashuka, kama wale wa Kalando waliingia.

La ine, ile robo saa ya asubuhi. Wewe mutu wa mugodi umeifanya miaka na miaka, unaijua kwa kichwa: leo tunafanya nini, nini inaweza kutuua, nani anaangalia nani. Hakuna mutu mu kartié mwenye anaijua kama wewe. Uifanye ku shantie yako mbele ya kwenda ku posti. Kama uko ku posti ya usiku ao uko mbali, mama aifanye. Bamama wengi ndio wanashika funguo za depo na kuhesabu mifuko ya simenti; wanaona mambo yote kuliko baba mwenyewe. Mama akiona mutu amesimama juu ya mapipa, aseme ashuke, na hapo hapo aseme saa ya kutengeneza jukwaa italipwa. Bila neno hili la pili, neno la kwanza ni makelele tu.

Na mambo ya umri. Mutoto wa miaka kumi na ine, kumi na tano mwenye kubeba matofari wakati wa likizo, tunasema "anajifunza kazi". Ajifunze chini, kwa kuchekecha muchanga, si ku juu na si mu shimo.

Masoni nao wako na sehemu yao. Kuna kweli wenye watavua kaske juu ya jua, na kuna wazee wa kazi wenye watacheka kijana akifunga kamba ku kiuno. Fundi mukubwa ndiye anatoa mufano: akivaa, vijana wote watavaa, akicheka, hakuna atakayevaa. Basi wakati wa kupatana bei, upatane na hilo pia. Mutu mwenye hataki kuvaa kaske wakati kaske iko pale na muda wake unalipwa, yule kweli iko na kichwa nguvu, na umuache atafute kazi pengine. Lakini usimuite vile mbele ya kufanya sehemu yako.

Tunamaliza na neno lenye halitafurahisha wote. Kila mara ajali ikitokea ku mugodi, kuna mukubwa mwenye anaandika mu ripoti: kosa la mufanyakazi, hakufuata sheria, hakuvaa EPI. Na siye tunakasirika, maana tunajua nani aliomba tani nyingi zaidi, nani alipunguza watu mu ekipe, nani aliahidi primi kwa wale wenye kumaliza mbio. Tunasema: musituhukumu juu ya kaske, muangalie namna munavyotuongoza na munavyotulipa. Tuko na haki kusema vile.

Lakini sikia namna tunavyosema juu ya masoni: kichwa nguvu, hafuate sheria, atavua tu. Ni maneno ya yule mukubwa wa kampuni, yametoka mu kinywa chetu. Delege wetu akienda kuomba mu komite ya usalama kwamba bajournalier wa makampuni madogo wapate EPI sawa na siye, na saa yao ya usalama ilipwe, maneno yake yatakuwa na uzito kama shantie zetu wenyewe ziko safi. Yakiwa si vile, wale wakubwa watacheka kimya kimya, maana wengi wao wanapita mbele ya parsele zetu kila siku.

Kesho asubuhi, mbele ya kupanda basi, angalia masoni wako amesimama juu ya nini.